Kufuli la Jumapili

Muoki aliweka kiti mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, akauegemea kwa mgongo, akapakata viatu vya mkewe. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Ndani, cherehani ilikuwa ikilia tangu alfajiri.

"Shona tu, Kavinya," alisema bila kugeuka. "Siku moja utanishukuru."

Cherehani iliendelea.

Ilikuwa Jumapili ya mbio za barabarani, mwaka wa tisini na nane. Mwanamke atakayeshinda angechukuliwa kambini kwa mazoezi, kisha Ulaya. Mwaka mzima Kavinya alikuwa amejinoa kwenye barabara ya Spine Road kabla mtaa wa Kayole haujaamka. Muoki, dereva wa lori la mikate, alikuwa amesikia habari za Ulaya: mke wa mtu huondoka na begi moja, akarudi na wakili, au asirudi kabisa. Alimpenda mkewe, na woga ulimnyima usingizi. Basi akamfungia.

Mwaka huo waandalizi walikuwa wameleta ufundi mpya. Kila mkimbiaji alipewa kijidude cha plastiki cha kufunga kwenye kamba za kiatu. Akikanyaga mkeka mwishoni, kompyuta inamtaja kwa jina. Asiyekuwa nacho, hata awatangulie wote, ni kama hakukimbia. Ndiyo maana Muoki hakutegemea kufuli peke yake. Alikichezea kwa kidole kile kilichofungwa kwenye viatu alivyopakata: cheusi, cha mviringo, chenye matundu manne. Wazungu hawa! Kutia kompyuta nzima ndani ya kitu kidogo kama kifungo cha koti!

Jirani yake Bwire akatokea kwenye ngazi na ndoo ya maji.

"Niaje, Muoki. Umeandikwa askari jela?"

"Nachunga nyumba yangu."

"Sawa. Na choo kiko huko chini. Utaenda saa ngapi?"

Muoki hakucheka. Alikuwa amebanwa tangu saa moja, lakini angeshukaje ghorofa nne aache mlango? Madirisha yote yalikuwa na vyuma, na bado aliogopa hata kusinzia. Ilianza kumwingia kwamba aliyefungwa hapo ni yeye.

Hata mama yake mzazi alikuwa amemnunia tangu jana, alipotangaza habari za hilo kufuli. Bi kizee huyo alikuwa amekuja kutoka Kangundo kutibiwa magoti. Alfajiri, giza likiwa bado zito, alitoka kwenda kanisani amejitanda leso hadi puani, na salamu hakuitikia. Ngazi alizishuka haraka hata mwanawe akafurahi kwamba dawa ya daktari inafanya kazi. Kavinya naye alikuwa kitandani, amejifunika blanketi gubigubi, amesusa. Muoki hakumsumbua. Alifunga tu.

Kwenye redio yake ndogo, mtangazaji akapandisha sauti. Wanawake walikuwa wanakaribia kumaliza. Aliyetangulia hakuna aliyemjua. Alikuwa miguu mitupu, kijidude amekifunga kifundoni kwa uzi, na wenye viatu vya bei kali walikuwa wakihema nyuma yake.

"Maskini," Muoki alisema. "Hana hata viatu."

Umati ukalipuka, mkeka ukakanyagwa. Mtangazaji akaomba watu wasubiri kompyuta itoe jina. Muoki akaizima redio. Ya nini tena? Mbio zilikuwa zimekwisha na mke wake alikuwa nyumbani. Moyo ulimtulia, na sasa huruma ikaanza kumwingia. Akaliondoa kufuli, akasukuma mlango.

"Haya, njoo tunywe chai. Yamepita."

Cherehani ikanyamaza. Mama yake akainua uso, akajikanda magoti.

"Amekuwa nambari ngapi?"