Saa Ndiyo Inayochoka

Mwalimu Osea alilichana daftari langu mbele ya darasa la watu wazima. Nilikuwa nimeandika kwamba Ainstaini alikosea: wakati haupungui kasi kwa anayekimbia, saa yake ndiyo inayochoka.

"Na huyu aliishia darasa la nne, ndugu zangu," alisema. Wakacheka.

Mwaka uliofuata niliajiriwa stesheni, kushika bendera ya kuruhusu treni. Treni ya Mbeya ilipokuwa tayari kuondoka, nilimwona Mwalimu Osea akija mbio, mwanawe begani. Mguu wa mtoto, wenye soksi moja, ulikuwa ukimpigapiga kifuani.

"Ndugu, ngoja kidogo. Mtoto amezidiwa, hospitali iko Mbeya."

"Kimbia, Mwalimu. Si ulifundisha kwamba wakati wa anayekimbia hupungua kasi?"

Nikapunga bendera ya kijani.

Treni nyingine ilikuja baada ya siku tatu. Mtoto aliishi mbili.