Nukta ya Kona ya Juu

Milton Voss aliibandua chati ukutani, akaitandaza mezani kati ya bakuli la bisi na chupa za soda, akaigonga kwa kidole. "Jibu si hili hapa? Tunahangaika nini?"

Chati ilikuwa na miraba tisa. Juu wema, chini uovu. Kushoto sheria, kulia vurugu. Lyle Halvorsen, mwendesha mchezo wao wa dadu ambao kila mtu huigiza mhusika wake, alimwekea kila mhusika nukta ya penseli, na kila Jumapili aliisogeza kidogo kulingana na alichotenda mhusika huyo katika nchi yao ya kubuni. Nukta ya muuaji wa kukodiwa, aliyechezwa na Doreen Kubiak, ilikuwa chini kabisa. Ya askari mtakatifu wa Orrin Teske haikuwahi kutoka kona ya juu, miaka mitatu sasa.

Siku hiyo hakuna aliyegusa dadu. Mkuu wa maktaba ya mji alikuwa amewanyang'anya chumba walichochezea, kwa sababu ya barua iliyodai kwamba wanaita mashetani. Barua yenyewe hakuwaonyesha, na jina la mwandishi alikataa kulitaja. Alimwambia Lyle tu kwamba ni mtu wa meza yao wenyewe. Ndiyo maana walikuwa gerejini kwa Lyle, makoti mwilini, theluji ya Wisconsin imeziba nusu ya mlango, na Lyle ameapa kwamba asipomjua mtu huyo, mchezo unakufa leo hii hii.

Orrin alikuwa ametoka kanisani moja kwa moja, tai ingali shingoni. Tangu mkewe aondoke, meza hii ndiyo mahali pekee alipoulizwa ameamkaje. Ikivunjika, Jumapili zake zingebaki za kutazamana na kuta. Alimtupia jicho Doreen, aliyekuwa akifuma soksi kimya kimya, na aibu ikamkaba. Mwaka juzi, alipopasuliwa nyongo, mama huyu ndiye aliyemwendesha hospitali, kisha akamletea supu siku tisa mfululizo.

"Mimi simsingizii mtu," Milton alisema. "Lakini dada Doreen, barua zote za maktaba zinapita mikononi mwako pale mapokezi, na mkate wako unatoka kule kule. Na mtu hawezi kujichagulia uuaji miaka mitatu, moyo wake ukabaki safi."

"Uovu ule ni wa mhusika, si wa mtu," Lyle alimjibu. "Wewe unacheza mbilikimo. Mbona kichwa chako kinagonga taa yangu?"

Milton hakucheka. Alisema urefu ni kitu kingine, uamuzi ni kitu kingine. Ile sumu iliyotiwa kisimani mchezoni mwaka jana ilitoka kwenye kichwa cha nani, kama si cha Doreen? Lyle akakuna ndevu. Mwishowe akakiri kwamba hata yeye, bila kukusudia, ameanza kuwapima watu kwa nukta zao. Ufunguo wa akiba wa gereji alimpa Orrin. Doreen, anayekaa nyumba ya pili tu, hakumpa.

Wote wakamgeukia Orrin.

"Sijui," alisema, macho kwenye viatu vyake. "Labda aliogopa tu. Mtu hajazi kurasa nne kwa chuki, jamani. Hiyo ni hofu."

Sindano za Doreen zikasimama. Alimtazama Orrin kwa muda, bila hasira, kisha akavua miwani na kuifuta kwa pindo la sweta.

"Basi," alisema. "Ni mimi. Msigombane tena."

Milton alijiegemeza kwenye kiti kama mtu aliyeshinda dau, ingawa uso wake haukuonyesha raha yoyote. Lyle aliuliza kwa nini. Doreen akasema ameshasema, inatosha.

Lyle hakuwa na moyo wa kumhukumu. Alikumbusha kwamba katika mchezo wao hukumu ya msaliti hutolewa na mwenye nukta ya juu kuliko wote, akasema na leo iwe hivyo hivyo. Orrin alijaribu kujitoa. Alisema hafai, na alisema kweli, mpaka masikio yakamwiva.

"Ndugu yangu," Lyle alimwambia, "hapa hatuna mwingine wa kumwamini."

Doreen alikuwa amemkazia macho, mikono mapajani, anangoja. Palikuwa na nafasi ya kutosha kusema jambo lolote. Orrin alizifikiria Jumapili zake.

"Aende," alisema, lakini sauti haikutoka, ikabidi arudie.

Doreen alikunja ufumaji wake, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. Kabla ya kutoka aliizunguka meza, akaweka mbele ya Orrin mfuko wa ngozi anaotunzia dadu zake. "Baki nao wewe," alimwambia. "Nilikuja nao nikidhani utanifaa leo."

Mlango ulipofungwa, Lyle alichukua kifutio akaifuta nukta ya Doreen. Ya Orrin aliiacha pale pale ilipokuwa.

Orrin aliufungulia mfuko ndani ya gari lake, injini ikiwa bado baridi. Dadu saba za kijani zilimdondokea mapajani. Chini kabisa ya mfuko palikuwa na bahasha yenye muhuri wa mapokezi ya maktaba, wa wiki tatu zilizopita, na ndani yake karatasi zilizokunjwa. Alizihesabu, ingawa hakuwa na haja ya kuzihesabu. Zilikuwa nne, na mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.