Jina la Tupokigwe

Sindano iliyomaliza virusi vya Ukimwi ilifuta pia kumbukumbu zote za kuugua, na sheria ilikataza kumkumbusha aliyepona. Sekela alishachomwa. Zamu ya mumewe, Ambakisye, ilikuwa kesho.

Saa moja jioni kengele ya simu ililia, kama kila siku. Ambakisye akameza kidonge chake. Sekela akajikuta ameshika glasi.

"Baba Tupo, mbona nimechota maji na sina kiu?"

"Kunywa tu, mama. Maji hayaui."

Akacheka, akanywa. Kisha akamtazama binti yao aliyekuwa akimenya ndizi.

"Hivi hili jina la Tupokigwe tulilitoa wapi? Kwenu halipo, kwetu halipo."

Lilikuwa jina la muuguzi wa kliniki walikokutana wakifuata dawa. Ndiye aliyewahakikishia kwamba wakizimeza bila kuacha, wataoana na kuzaa mtoto asiye na virusi. Ambakisye akamtazama mtoto huyo, mzima kabisa. Vidonge vilikuwa vimefubaza virusi vyake. Angeweza kuishi navyo mpaka uzee, akiwa na kumbukumbu zake zote. Lakini nani hukataa kupona?

"Na sisi je, tulikutana wapi?"

"Kwenye foleni."

"Foleni ya nini?"

"Nitakwambia kesho," akasema, ili tu yaishe.

"Haya. Usisahau lakini," Sekela akamjibu, akachukua glasi zote mbili kwenda kuziosha.