Bonge la Chini ya Mtungi

Bi Shekue aliuegemeza mtungi ukutani, akalivuta bonge la saruji lililoushikilia miaka thelathini. Ubavuni kulikuwa na herufi ya kwanza ya jina lake. Marehemu mumewe, fundi Mbwego, aliichora kwa msumari siku walipomwaga zege la boriti za ukumbi wa shule ya wasichana, ng'ambo ya barabara. Jioni ile alirudi akicheka, bonge la zege hilohilo kwapani.

"Saruji hii kesho tu ni jiwe, mke wangu. Ukiipiga nyundo, nyundo inaruka. Sisi tutazeeka, yenyewe wapi!"

Sasa nyundo ilikuwa mkononi mwa mhandisi, binti aliyesoma shule hiyohiyo.

"Saruji ya aina hii inawahi kukomaa kweli, bibi," alisema. "Lakini kwenye joto na unyevu chembe zake hugeuka ndani kwa ndani. Zinasinyaa, zinaacha vitundu, na kwa nje huoni kitu. Hili limekaa majimaji kama zile boriti chini ya paa linalovuja. Nisipolivunja sitajua hali ya boriti."

Bi Shekue alipitisha kidole kwenye ile herufi, taratibu, mpaka mwisho wake.

"Vunja."

Pigo moja tu, likamomonyoka kama mkate mkavu. Ndani lilikuwa la rangi ya kahawia, limejaa vitundu. Binti alitoka mbio bila hata kuaga.

Bi Shekue aliokota kipande chenye herufi, akakirudisha chini ya mtungi. Mtungi ukasimama, umeinama kidogo. Ng'ambo ya barabara wasichana walikuwa wakiburuta madawati kuyatoa nje ya ukumbi.