Sura Niliyomtumia Shangazi

Siku hizi ukimtumia mtu video, yeye hamwoni msemaji wake halisi. Anakuona wewe, unayasema maneno yote kwa sura na sauti yako. Ndiyo sheria, eti kila mtu awajibike kwa anachokisambaza.

Ile video ya majani ya mstafeli, eti yanaponya saratani, niliituma kwenye kundi la ukoo nikiwa nasukwa saluni, sijaitazama hata nusu.

Leo nimemkuta Shangazi Bahiya jikoni kwake, sufuria ya majani inachemka. Kliniki ya saratani ameiacha, wiki ya sita sasa. Kanga ameifunga juu kifuani ili nisione titi lilivyovimba.

“Shangazi, rudi hospitali,” nilimwambia, macho sakafuni. “Ile video sikuitazama. Yale si maneno yangu.”

Akaifungua simu yake. Nikajiona nimetulia, namtazama usoni, namwambia aachane na dripu, majani yanatosha, mimi namhakikishia.

Shangazi akaniangalia, kisha akaiangalia simu.

“Mwanangu, huyu hababaiki,” alisema taratibu. “Wewe hata kunitazama huwezi.”

Akaiongeza sauti yangu kwenye simu, akaendelea kukoroga.