Programu Aliyoing'ang'ania Mama Mkwe

Kidole cha Witold kilikuwa karibu kubonyeza "Hapana" mama mkwe wake alipomdaka mkono.

Kwenye kioo cha kompyuta, programu kuukuu ya barua pepe ilikuwa inasubiri jibu: je, yenyewe ndiyo iwe inafunguka siku zote?

"Usithubutu! Jana uliniwekea hiyo mpya bila ridhaa yangu."

"Mama, si nilikuuliza ukakubali?"

"Nilikubali wapi, wee! Nilitikisa kichwa juu chini, juu chini, hukuniona?"

Witold akajipiga paji la uso. Kwao Poland, kutikisa hivyo ni kukubali. Hapa Plovdiv, kwao mkewe, mambo ni kinyume: ni kukataa. Miaka yote ya ukwe, na bado alikuwa anasahau.

"Sasa hili gofu lina nini? Hata picha halifungui."

"Nitumie barua uone."

Akamtumia barua tupu kwa simu yake. Mama mkwe akasimama nyuma ya kiti, birika dogo la kahawa mkononi, povu likiwa bado linatokota.

Spika zikakwaruza. Mwanamume akakohoa, kisha akasema, "Bibie, barua hiyo! Na kahawa yangu je?"

Witold akainua macho kwenye picha ya ukutani. Baba mkwe alifariki kabla yeye hajaoa. Sauti yake hakuwahi kuisikia.

"Alijirekodi mwenyewe," mama mkwe akasema. "Hiyo mpya inalia kengele tu."

"Kwa hiyo hii ndiyo ibaki, Mama?"

Akatikisa kichwa kulia na kushoto, kulia na kushoto, hadi kahawa ikamwagikia vidole.

Witold akabonyeza "Ndiyo".