Mwana wa Simba na Kunguru Watangazaji

Palikuwa na mwana wa simba, mrithi wa kiti, ambaye hata akipiga chafya kunguru walitangaza. Akawa hamwamini yeyote ila mama yake malkia na yaya wake, Nguchiro.

Siku moja akawanong'oneza hao wawili kwamba anaogopa radi. Asubuhi kunguru wakapaza sauti, "Kwaa! Mrithi anaogopa radi!"

"Ni wewe, domo refu!" Akamfukuza Nguchiro.

"Haya, mwanangu," yaya akasema. "Siri nyingine mwambie mama peke yake, uone."

Akamwambia mama kwamba bado anakojoa usingizini. Jua halijapanda, mwitu mzima unacheka.

"Mama, kumbe ni wewe!"

"Ni mimi, kwani nini?" Malkia akaangua kicheko. "Kunguru lazima wale. Wakishiba yako, hawachungulii yangu."

Kwa kicheko kile kinywa kikaachama, mtoto akaona: chonge zote zimeng'oka. Na simba kibogoyo hakai kitini hata siku moja.

Akatoka nje. Kunguru mkubwa akatua mbele yake. "Mwana wa malkia, kuna jipya?"

"Lipo. Sogea."

Mfunze mwanao umbea, kisha utafute pa kuficha mapengo.